Gauni la Njano Ndani ya Banda la Inzi

Jino langu la mbele, la upande wa kushoto, lilivunjwa na mama yangu mzazi, mbele ya ukoo mzima, kwa mti wa muhogo niliompelekea mbegu yake mimi mwenyewe. Watu wakiniuliza huwa nasema nilianguka bafuni. Nimechoka na hiyo habari ya bafuni, kwa hiyo leo nitasema ilivyokuwa.

Mimi nafanya kazi ya inzi. Si wale wa chooni. Hawa ni inzi weupe, wadogo kuliko punje ya ulezi, wanaokaa chini ya jani la muhogo na kufyonza maji yake. Ukilitikisa jani wanaruka kama unga uliopulizwa, halafu wanarudi palepale, hawana hata aibu. Inzi akifyonza jani lenye ugonjwa anaondoka na virusi mdomoni, na akitua kwenye jani zima anaviacha huko. Mmea haukohoi wala haupandi joto. Unaweza kuupita kila siku ukiusifia, kumbe unakufa kuanzia chini.

Kituo chetu cha utafiti kiko nje kidogo ya Morogoro Mjini, na mimi naishi Bigwa, kwa hiyo asubuhi natembea tu. Kazi yangu ni kuambukiza kwa makusudi. Nawafungia inzi juu ya mmea mgonjwa kwa siku mbili washibe, kisha nawavuta kwa mpira mwembamba, ncha moja iko mdomoni mwangu nimeing'ata, ncha ya pili iko mgongoni kwa inzi, na katikati pana kipande cha wavu ili nisimmeze. Ukivuta pumzi kwa nguvu unampasua. Ukivuta kivivu anakukimbia. Nikishawapata nawahamishia kwenye mmea mzima wafyonze, halafu nawapulizia sumu wafe wote, nakaa kusubiri mmea uugue. Siku hizi mpira naushikia kwenye pengo la jino, na unakaa vizuri kuliko zamani.

Ni kazi ya kikatili na sitajifanya kwamba siipendi. Nilizaliwa na hasira. Shuleni nilisimamishwa wiki mbili kwa kumpasua kiranja kichwa na mpini wa fagio. Nilipopata kazi ambayo naua viumbe tangu asubuhi hadi mchana na hakuna mtu wa kunikemea, niliona nimefika nyumbani.

Banda la inzi lina sheria zake. Linazungushiwa wavu, lina milango miwili, na hufungui wa ndani kabla hujafunga wa nje. Unaanza kwa mimea mizima, unamalizia kwa migonjwa, na siku hiyo hurudi nyuma. Na huvai njano. Inzi weupe wanaipenda njano kupita kiasi, nadhani wanaiona ni jani changa, ndiyo maana tunawategea kwa kadi za njano zilizopakwa gundi. Bosi wangu, daktari wa mimea, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, aliwahi kumrudisha mgeni mzito getini kwa sababu ya tai yenye mistari ya njano. Mimi nilikuwa mkali kuliko yeye. Kuna mwanafunzi nilimvua kofia yake ya njano nikaikanyagia kwenye tope, na alipolalamika nikamuuliza kama anataka na kichwa kifuate.

Sasa sikia nilichofanya. Siku ya sendofu ya mdogo wangu wa kike, yaani sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, sare ya dada zake ilikuwa gauni la njano. Inzi wangu walikuwa wametimiza siku mbili juu ya mmea mgonjwa, na huo mmea ulitoka Pwani, una ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoozesha muhogo ardhini. Wasingehamishwa asubuhi ile, kazi ya wiki nzima ingepotea. Gari la kutupeleka kwenye sherehe lilikuwa getini linapiga honi. Koti langu la maabara nilikuwa nimeliloweka nyumbani. Nikasema dakika kumi tu, nikaingia na gauni.

Nikahamisha inzi. Nilipotaka kutoka nikakumbuka mimea mizima, ile tuliyoiweka chumba cha mwisho kwa ajili ya kulinganisha, haijapata maji tangu jana yake, na mwenzangu wa zamu hakuja. Nikaenda kuimwagilia. Yaani nilitoka kwa wagonjwa nikaingia kwa wazima, nimevaa njano kuanzia begani mpaka kwenye vifundo. Juu ya bega niliona vidoa vyeupe vitatu au vinne. Nikavipuliza. Honi ikalia tena, nikafunga mlango, nikakimbia. Sherehe ilifana na mimi nilicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka.

Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama. Ardhi ni ya ukoo wa mama, na binti hata akiolewa shamba lake liko kwao. Akifungua shamba lake la kwanza, wanawake wa ukoo wanamletea mbegu: huyu magimbi, huyu machipukizi ya mgomba, huyu pingili za muhogo. Kwetu mbegu haiuzwi. Unampa mtu wa damu yako, na mtu wa nje humpi. Kwa mdogo wangu, muhogo ulikuwa zamu yangu kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa.

Miezi michache baada ya sendofu jaribio letu likaisha. Daktari akaagiza kila kitu kichomwe, kigonjwa na kizima. Migonjwa niliichoma. Kwenye ile mizima nikasimama mikono kiunoni nikiitazama. Ilikuwa imenyooka, majani mapana, mbegu bora kuliko yoyote iliyowahi kufika mlimani kwetu. Na nilikuwa nimeipima mwenyewe kwa mashine ikaonekana safi. Ila kipimo kile kilikuwa cha kabla ya sendofu, na sikupima tena. Nikakata pingili, nikazifunga mafungu matatu kwa kamba za mgomba, nikazipakia bodaboda mpaka stendi, na kutoka Mkuyuni, basi linapoishia, nikapanda nazo mlima kichwani. Huo ulikuwa wizi na ulikuwa upumbavu, na vyote viwili ni vyangu.

Mama alinipokea kwa vigelegele. Aliipanda ile mihogo pamoja na mdogo wangu, na mwaka wa kwanza ilikua kwa fujo. Ilipovunwa, mmoja mmoja ulikuwa na madoa ya kahawia ndani. Mama akakata pale pabaya akawatupia kuku, hata hakunitajia. Miti ikagawanywa kwa mama wadogo, kwa mama mkubwa, kwa mjomba wangu mkubwa anayesimamia ardhi ya ukoo. Kila nyumba ya ukoo ilipata.

Nyumba moja tu haikupata. Ng'ambo ya kijito palikuwa na mtu wa kuja, baba wa makamo ambaye mjomba alimpa sehemu ya kulima kwa makubaliano. Alilima nyanya, na pembeni alikuwa na muhogo wake kidogo aliokuja nao mwenyewe kutoka kwao. Alipoona mbegu mpya inavyopendeza alikuja kwa mama na heshima zake zote, kofia mkononi, kuomba fungu moja. Mama akamjibu kwamba mbegu ile ni ya ukoo. Akashukuru, akavuka kijito akarudi kwake. Nilikuwepo siku hiyo, na niliona sawa tu.

Mwaka wa pili mama alinipigia simu analia. Alikuwa ameng'oa muhogo mnene kama paja, kwa nje hauna hata kovu, kaupasua, na ndani ni kahawia tupu, mgumu kama kizibo. Kaupika haukuiva. Kaenda shamba la pili, hivyo hivyo. Mdogo wangu alikuwa na mtoto mchanga na hakuwa na akiba nyingine ardhini. Wote tulikuwa tunautegemea muhogo kuvuka mpaka mahindi mapya.

Nilipanda mlimani siku ya Jumatatu na mifuko yangu ya kukusanyia majani. Nilichuma kila shamba. Nikavuka na kijito nikamwomba yule jirani, naye akanichumia mwenyewe, akachagua majani ya chini kama nilivyomwelekeza, akanifungia vizuri. Mjomba alikuwa ananifuata nyuma muda wote. Ni mtu mkubwa wa mwili, na hasira yangu nadhani niliirithi kwake.

"Huu ugonjwa umetoka wapi?" akaniuliza.

"Hapa haukuwepo, mjomba. Umeletwa."

"Kaleta nani?"

"Ngoja kwanza nikapime."

Akageuka akatazama ng'ambo ya kijito, kule yule jirani alikokuwa na bomba lake mgongoni anapulizia nyanya dawa. Harufu ilikuwa inatufikia. "Shamba lake mbona zima?" akasema. Nilimwona alivyotazama. Nilibeba mifuko yangu nikashuka.

Maabara tunayasaga majani, tunatoa maji yake, tunayapitisha kwenye mashine, na mwishoni inatoka picha. Penye virusi panatokea mstari mweupe, pasipo na virusi panabaki giza. Picha yangu ilitoka Alhamisi. Mama, mstari. Mdogo wangu, mstari. Mjomba, mama wadogo, mama mkubwa, wote mstari. Yule jirani, giza, majani yake yote.

Nilielewa kabla sijakaa. Ugonjwa huu inzi haufikishi mbali. Hauchukui muda unaisha mdomoni mwake. Inzi hawezi kuutoa Pwani akaupandisha Uluguru. Unasafiri na pingili, halafu ukishafika inzi wa palepale wanausambaza toka shamba hadi shamba. Na ukiacha za jirani, ambazo picha ilionyesha ni safi, pingili ngeni pekee zilizowahi kupanda mlima ule zilipanda kichwani kwangu. Mezani palikuwa na kadi ya njano imejaa vidoa vyeupe, na nilipoiona nikaliona bega langu.

Jirani yeye aliponea pale tulipomkomoa. Hatukumpa mbegu, kwa hiyo hakupata ugonjwa. Na ile dawa ya nyanya, aliyokuwa akipulizia mpaka pembeni kwenye muhogo wake, ndiyo iliyowaua inzi waliovuka kijito.

Ijumaa mama akapiga simu kuuliza majibu. Nikamwambia mashine imeharibika. Jumamosi hakupiga, na mimi sikupiga. Niliogopa kupoteza kazi yangu na nilimwogopa mama, kwa kiasi gani hiki na kwa kiasi gani kile sijui. Ninachojua ni kwamba Alhamisi nilikuwa na neno la kumwokoa mtu na nikakaa nalo mpaka Jumapili. Kila nikihesabu makosa yangu naanzia hapo, gauni linafuata.

Jumapili nikajilazimisha kwenda. Watu walikuwa wametoka misani muda si mrefu. Nikiwa bado kwenye njia, chini ya migomba, nikasikia mapanga yanakata miti mibichi, mengi kwa pamoja, na mwanamke anapiga yowe. Nikaacha mfuko wangu nikakimbia.

Ndugu zangu walikuwa ndani ya shamba la jirani na nguo zao za kanisani. Nyanya zilikuwa zimekanyagwa mpaka ardhi imekuwa rojo jekundu, fito za mianzi zimeng'olewa na kulundikwa. Muhogo wake wote ulikuwa chini, umekatwa usawa wa goti. Lile bomba la dawa walikuwa wamelipondaponda kwa mawe. Mwenyewe alikuwa amepigishwa magoti, wawili wamemshika mabega, na mkono wake wa kulia wameunyoosha juu ya gogo. Mjomba alikuwa na mpini wa jembe.

"Sema ulichopulizia kwenye mashamba yetu!"

"Dawa ya nyanya, mzee. Ya nyanya tu, nakuapia."

"Mbona wako mzima?"

"Sijui, mzee."

Hakujua kweli. Mtu pekee aliyejua alikuwa bado hatua ishirini kutoka pale, anakimbia na viatu vya kuteleza. Mpini ulishuka mara mbili. Mara ya pili nilisikia mfupa, mkavu, na yule baba hakulia, alitoa pumzi tu kama mtu aliyetua mzigo.

Nilimrukia mjomba mgongoni. Nilimng'ata mkono unaoshika mpini mpaka nikaonja damu yake, akanitupa chini, nikaamka nikamng'ata tena palepale. Walinitoa kwa kunivuta nywele. Ndipo nikapiga kelele kwamba ni mimi, ugonjwa nimeuleta mimi, zile pingili za mdogo wangu zilitoka banda lenye wagonjwa, huyu baba shamba lake ni safi kwa sababu mlimnyima mbegu.

Mama alikuwa amesimama pembeni na fungu la miti ya muhogo kutoka shambani kwake, aliyoileta kama ushahidi wa kumwonyesha yule mtu. Akaja mpaka mbele yangu.

"Rudia."

Nikarudia. Akachomoa mti mmoja kwenye fungu akanipiga nao mdomoni kwa mikono miwili. Sikujikinga. Nilitema jino kwenye yale matope ya nyanya, na wakati naliangalia nikawa nafikiria kwamba mti ule nao una virusi.

Nilimshusha yule jirani na mke wake mpaka Mkuyuni, kwanza polisi kuchukua PF3, ile fomu ya kutibiwa majeruhi, kisha hospitali mjini. Mimi na yeye tulikaa benchi moja, mimi na kanga iliyolowa damu mdomoni, yeye mkono ameuweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Nilimwomba msamaha. Nikamweleza yote, gauni, pingili, na zile siku tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia mke wake akamuuliza kama mlango wa nyumba waliufunga.

Mjomba alikaa mahabusu siku nne akatoka kwa dhamana, na kesi bado ipo. Jumatatu nilimweleza daktari wangu. Hakupandisha sauti. Alinisimamisha kazi miezi mitatu, na kesho yake akapanda mlimani nami, akiwa na mabuti yake, akawaambia ndugu zangu ukweli ambao mimi nilishindwa kuusema kwa simu: kila mti wa muhogo wa ukoo ung'olewe, usibaki hata mmoja, uchomwe.

Sijawahi kuona watu wakipigana na shamba namna ile. Mjomba alipotoka mahabusu alitukuta bado tunang'oa, naye, mkono umefungwa kitambaa pale nilipomng'ata, alikuwa anakata miti kama anamkata mtu anayemjua. Mama yangu mkubwa alikuwa anang'oa na kutukana, anang'oa na kutukana, na matusi mengine yalikuwa yananitaja. Mdogo wangu aling'oa shamba lake lote na mtoto mgongoni. Moshi ulikaa bondeni siku tatu na ulitubana wote vifua.

Lakini daktari alikuwa ameacha neno jingine. Alisimama kwenye shamba la jirani, akatazama miti iliyolala pale, akasema muhogo si kama mahindi, mti uliokatwa bado ni mbegu, ukiwekwa kivulini unaweza kukaa hata wiki kadhaa na ukipandwa unaota. Ile ndiyo mbegu safi pekee iliyokuwepo mlimani. Basi nikaiokota mti mmoja mmoja, nikaifunga mafungu, nikaisimamisha chini ya migomba nyuma ya nyumba yake. Mke wake, aliyemwacha hospitali akarudi, alikuwa anatoka kila siku kulisha kuku na ananikuta naipanga. Hakunisalimia wala hakunifukuza. Wale ndugu zangu walioikata kwa panga walikuwa wanapita njiani wanaihesabu kwa macho.

Mvua zilikuwa karibu. Mama hakuwa akisema na mimi, ila siku tuliyosikia jirani karuhusiwa kutoka hospitali alinituma kwa maneno machache. Wanawake wa ukoo walivaa vizuri, wakabeba kuku na kikapu cha unga, wakaja mpaka ukingo wa kijito upande wetu, wakakaa chini. Mimi ndiye niliyetakiwa kuvuka.

Nilimkuta anafungasha. Magodoro yalikuwa yamefungwa kwa kamba, masufuria kwenye kiroba. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta kutoka kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko.

"Za hospitali, kaka?"

"Nzuri, dada."

"Nimetumwa. Mama na wenzake wako pale ng'ambo. Wanaomba mbegu."

Akatazama ng'ambo, akawaona na kuku wao. Akatazama mafungu chini ya migomba. "Ile?"

"Ile. Ndiyo pekee iliyo safi. Wakikosa hiyo, hawana cha kupanda."

"Kwenu si huwa mbegu hampi mtu wa nje?"

Akainama, kwa mkono wake mmoja akavuta fungu la kwanza akaliburuta mpaka kwenye lile lundo la fito za mianzi ya nyanya, ambazo jua la siku zote hizo lilikuwa limezikausha. Akarudi kuchukua la pili. Nilidhani anayapanga ili ayatoe. Nikamsaidia, nikabeba mengine yote, nikayaweka pale juu. Mke wake akatoka ndani na kidumu cha mafuta ya taa na kiberiti, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nabeba.

Yule baba alimwaga mafuta mwenyewe, polepole, hakuruka fungu hata moja. Kisha akajaribu kiberiti. Kiberiti kinataka mikono miwili. Alikibana kwapani kikaanguka, akakibana kwa magoti, njiti ikavunjika. Mke wake alinyoosha mkono amsaidie, akamkatalia kwa kichwa. Akaninyooshea mimi.

"Mkono wangu hauwezi," akasema. "Washa wewe."

Hasira yangu yote ya kuzaliwa nayo ilikuja. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kuyakumbatia yale mafungu nikimbie nayo nivuke kijito, na ningeweza, yeye na plasta yake asingenifikia. Nilifikiria mtoto wa mdogo wangu. Kisha nikamtazama vile vidole vilivyovimba vikichungulia kwenye plasta, nikakumbuka Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi.

Niliwasha. Mianzi ilishika kwanza, ikalipuka kama risasi, halafu miti ya muhogo ikaanza kutoa povu kwenye ncha, ikapiga kelele ya maji yanayochemka, vichipukizi vidogo vya kijani vilivyokuwa vimeanza kuota vikajikunja. Yule baba alisimama karibu mpaka plasta yake ikaingia masizi. Pingili kumi au zaidi kidogo zilikuwa zimejitokeza kwenye kiroba cha masufuria, zimefungwa kwa kitambaa. Hizo aliondoka nazo.

Wenzake mama walikuwa wamesimama wote ng'ambo, wanapiga kelele. Mama peke yake alivuka. Alikuja na kuku wake mkononi, miguu imelowa, akasimama upande wa pili wa moto.

"Nani kawasha?"

"Nimewasha mimi, mama."

Nilidhani atanipiga tena, na nilifumba mdomo nilinde meno yaliyobaki. Hakunipiga. Aliutazama moto mpaka ukaishia chini, akampa yule mke wa jirani yule kuku, na tukapanda nyumbani yeye mbele, mimi nyuma, kikapu cha unga tumekiacha pale ukingoni.